Mara kumi ya nini? Mabamba yenye vitundu na hesabu ya digrii

Tangu kanuni ya Umoja wa Ulaya ya gesi zenye florini, zinazotumika kama vipozeo, namba 2024/573, ianze kufanya kazi Machi 2024, watengenezaji wa pampu za joto na mitambo ya kupozea wamebanwa pande mbili kwa wakati mmoja. Wanasukumwa kuhamia kwenye vipozeo kama propani na amonia, na wakati huohuo wapunguze kiasi cha kipozeo kinachokaa ndani ya mtambo. Ndiyo maana wazo la miaka mingi limerudi mezani: kupaka tabaka jembamba la metali yenye vitundu ndani ya evapareta ya mabamba, kifaa ambamo joto la maji huchemsha kipozeo, ili kipozeo hicho kichemke kwa urahisi zaidi. Taarifa za wazo hili karibu kila mara hutanguliwa na tarakimu moja, kwamba mchemko umeboreka mara kumi. Shabiki anaisoma na kuona mtambo ulio bora mara kumi. Mkosoaji anaisoma, anaona chumvi imezidi, analitupa wazo zima. Naona wote wawili wameshika tarakimu isiyohusika. Tabaka la vitundu linapunguza digrii zinazopotea kati ya maji na kipozeo, na faida yake ipimwe kwa digrii hizo. Ukizihesabu hivyo, utakuta kuna mitambo ambayo tabaka hili linailipa vizuri sana, na kuna mingine ambayo halina kazi kabisa.

Evapareta ya mabamba ni kifaa cha kawaida kuliko jina lake. Mabamba membamba ya chuma kisichoshika kutu, kila moja likiwa na unene wa nusu milimita au pungufu, yamekandamizwa yakapata mikunjo ya pembe kama mfupa wa samaki, kisha yakapangwa yakigusana kwenye vilele vya mikunjo hiyo. Maji yanapita kwenye nafasi moja, kipozeo kwenye nafasi inayofuata, na hivyo hivyo hadi mwisho. Richard Seligman alitengeneza kibadilisha joto cha mabamba mwaka 1923 kwa ajili ya kupasha maziwa ili kuua vijidudu. Baadaye ndipo mabamba yalipoanza kuunganishwa kwa shaba iliyoyeyushwa tanurini, bila mipira ya kuziba, na kifaa kikaweza kuhimili shinikizo la vipozeo. Kinachotokea kwenye nafasi ya kipozeo ndicho kinachotuhusu hapa. Kipozeo kinaingia chini kikiwa kimiminika chenye mvuke kidogo, kinapokea joto la maji kupitia bamba, kinachemka, kinatoka juu kikiwa mvuke.

Kuchemka si jambo rahisi kama linavyoonekana. Itazame sufuria ya maji inapokaribia kuchemka: viputo vinatoka sehemu zilezile, kimoja baada ya kingine, na eneo lililo jirani limetulia tuli. Pale vinapotokea pana kitundu kidogo kilichonasa hewa au mvuke, nacho ndicho mbegu ya kiputo. Kiputo kichanga kina adui mmoja, mvutano wa uso wa kimiminika, ambao hukibana ili kitoweke, na kadiri kilivyo kidogo ndivyo kinavyobanwa kwa nguvu zaidi. Ili kishinde lazima ukuta uwe na joto kuliko kiwango cha kuchemka. Kwa maji kwenye shinikizo la kawaida la anga, kitundu chenye nusukipenyo cha mikromita 1, yaani sehemu ya elfu ya milimita, kinadai ziada ya digrii 33 hivi. Cha mikromita 5 kinadai 6.5 tu. Vipozeo vina mvutano mdogo, hivyo madai yake ni madogo: kipozeo kiitwacho R134a kikiwa karibu na nyuzi sifuri kinahitaji digrii 2 na kidogo kwa kitundu cha mikromita 1, na chini ya nusu digrii kwa cha mikromita 5. Bamba lililong'arishwa vizuri lina vitundu vidogo mno, na vipozeo, kwa kuwa hulowesha uso kwa urahisi, huingia hata kwenye hivyo vichache na kufukuza mvuke uliokuwa mbegu. Kwa hiyo uso laini unakaa unasubiri digrii ambazo mtambo wenyewe hauna.

Jibu lilipatikana zamani. Mwaka 1968 Robert Milton wa kampuni ya Union Carbide alipewa hataza ya Marekani kwa mfumo wa kubadilisha joto wenye mabomba yaliyofunikwa tabaka la chembe za metali zilizoshikanishwa kwa moto bila kuyeyushwa zikaisha. Mabomba hayo, yaliyouzwa kwa jina la High Flux, yamefanya kazi kwa miongo kadhaa kwenye viwanda vya kusafisha mafuta na vya petrokemikali. Kati ya chembe na chembe hubaki mapango yenye midomo myembamba na matumbo mapana, yaliyounganishwa kwa njia za chini kwa chini. Mvuke hujificha humo, nao ni mgumu kufukuzwa. Kimiminika hunyonywa na njia nyembamba kuelekea ndani, huvukia kwenye utando mwembamba unaofunika kuta za mapango, na mvuke hutokea kwenye matundu makubwa. Eneo la ndani ni kubwa mara nyingi kuliko eneo la bamba lenyewe. Unene nao una kikomo: ukizidisha tabaka, mvuke unakosa pa kutokea, unaziba njia ya kimiminika, na ulichoweka kama msaada kinageuka blanketi. Kwa tabaka la chembe, tabaka tatu au nne za chembe kwa kawaida zinatosha.

Kwa mabamba, ushahidi ninaouheshimu zaidi ni wa watafiti wa chuo cha KTH cha Stockholm, uliochapishwa mwaka 2009. Walichukua evapareta ya kawaida ya mabamba, wakaipa tabaka la shaba lenye vitundu vya ukubwa wa mikromita na nanomita, wakaijaribu kwa R134a kwenye mtiririko wa joto wa kilowati 4.5 hadi 17 kwa mita ya mraba. Upande wa kipozeo, upitishaji wa joto ulipanda hadi mara kumi. Upitishaji wa jumla wa kifaa, yaani kutoka maji hadi kipozeo, ulipanda kwa zaidi ya asilimia 100. Namba zote mbili zimo kwenye ripoti ileile, hakuna aliyeficha kitu. Ila ya kwanza imesafiri dunia nzima na ya pili imebaki nyumbani.

Kwa nini mara kumi iishe ikiwa mara mbili? Joto halina njia ya mkato. Linapita malango matatu yaliyofuatana: utando wa maji, unene wa bamba, kisha mchemko wa kipozeo. Kupanua lango moja hakuyapanui mengine. Nichukue mfano wa tarakimu za kawaida, kilowati 10 kwa kila mita ya mraba. Upande wa maji, kwa upitishaji wa wati 6,000 kwa mita ya mraba kwa digrii, unakula digrii 1.7. Bamba la milimita 0.4 linakula robo digrii na kidogo tu, ingawa chuma kisichoshika kutu ni mpitishaji mbaya wa joto. Mchemko kwenye uso wa kawaida, tuseme wati 4,000, unakula digrii 2.5. Jumla ni digrii 4.4 kati ya maji na kipozeo. Sasa boresha mchemko mara kumi: sehemu yake inashuka kutoka digrii 2.5 hadi robo digrii, na jumla inakuwa 2.2. Nusu ya tofauti imeondoka. Upitishaji wa jumla umepanda mara mbili, karibu sawa na walichokiona KTH.

Endelea na hesabu hiyohiyo uone inavyotenda. Mtafiti mwingine akija na uso unaochemsha mara ishirini, kile kilichobaki, robo digrii, kitakatwa nusu. Ushindi wake mkubwa wa maabara una thamani ya moja ya nane ya digrii. Na hata uso mkamilifu usio na ukinzani wowote hauwezi kukupa zaidi ya robo digrii iliyobaki. Mbio za kuvunja rekodi ya mara ngapi, kwa evapareta ya mabamba, zimeshafika ukutani. Sasa ongeza uchafu upande wa maji, kiasi ambacho wasanifu wengi hukiweka kwenye hesabu zao, kinachokula digrii 1 zaidi. Jumla ya awali inakuwa 5.4, na baada ya tabaka inakuwa 3.2. Uwiano umeshuka kutoka mara 2 hadi mara 1.7, na mkosoaji atasema uchafu umeimeza faida. Haukuimeza. Digrii zilizookolewa ni zilezile 2.2 na ushee, kwa sababu uchafu uko kwenye lango jingine. Uwiano unabadilika kila unapobadilisha kitu chochote, hata uso wa kulinganishia: ukipima dhidi ya bamba lililong'arishwa kama kioo, utapata mara nyingi kuliko ukipima dhidi ya bamba lililotoka kiwandani na mikwaruzo yake. Digrii ndizo zinazosimama.

Na digrii zina bei. Kwa mitambo mingi ya kupozea, kuinua joto la uvukizaji kwa digrii moja kunapunguza umeme wa kompresa kwa asilimia 2 hadi 4. Digrii 2.2 ni karibu asilimia 4 hadi 9. Ukisikia hivyo baada ya kuahidiwa mara kumi unaweza kuhisi umepunjwa, lakini kwa mtambo unaofanya kazi mchana na usiku, kupata kiasi hicho bila kugusa kompresa ni jambo ambalo mhandisi yeyote angelichangamkia. Tena kuna faida ya pembeni isiyotajwa sana: mtambo unaopoza maji hadi nyuzi 7 unaweza kuvukizia kwenye nyuzi 4 badala ya 2, na hatari ya maji kuganda ndani ya mabamba na kuyapasua inarudi nyuma.

Hapa niweke kando mkanganyiko mmoja unaochangiwa na habari za kupoza kompyuta. Taarifa nyingi za nyuso zenye vitundu husifia kupanda kwa kikomo cha mchemko, ile nukta ambapo mvuke unafunika uso wote na joto linashindwa kutoka. Shiro Nukiyama alionyesha mwenendo huo wa mchemko mwaka 1934, na kwa maji kikomo kiko karibu na megawati 1 kwa mita ya mraba. Chipu ya kompyuta inaweza kujali kikomo hicho. Evapareta ya mabamba inafanya kazi kwenye kilowati 5 hadi 20, mbali mno na kikomo. Kumsifia msanifu wa evapareta kwamba kikomo kimepanda ni kumpa jibu la swali la mtu mwingine.

Wakosoaji nao wana hoja, na hazilingani uzito. Dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi: vitundu vitaziba kwa uchafu. Uchafu upi? Tope, chokaa na utelezi wa vijidudu viko upande wa maji, na tabaka halipo huko. Liko upande wa kipozeo, ndani ya mzunguko uliofungwa, ambamo chujio tayari limewekwa kulinda vali na kompresa. Mabomba ya High Flux yamechemsha hidrokaboni za viwandani, vimiminika visivyo safi kama kipozeo, na bado yakaendelea kununuliwa. Hoja hiyo ina nguvu mahali pamoja tu: pale kimiminika kinachochemka ndicho bidhaa, kama maziwa, sharubati au maji ya sukari yanayopunguzwa maji. Protini na fosfati ya kalsiamu zikiingia kwenye mapango yale, hakuna sabuni itakayozitoa. Huko uso laini ubaki kuwa laini, na mwenye kuuza tabaka la vitundu asionekane.

Hoja nzito zaidi inatoka kwa watu wa mtiririko. Wanasema kwenye njia nyembamba ya mabamba, mvuke unapita kwa kasi, unaukwangua utando wa kimiminika hadi unakuwa mwembamba sana, na uvukizaji unafanyika juu ya utando huo bila kuhitaji viputo. Mbegu za viputo zinazimwa, basi vitundu havina kazi. Kwa sehemu ni kweli, hasa kuelekea juu ya bamba ambako mvuke ni mwingi. Lakini jaribio la KTH lilijibu hoja hii moja kwa moja: kwenye evapareta ya kawaida, kubadilisha upana wa njia kuliathiri zaidi uvukizaji wa mtiririko, na kwenye ile yenye tabaka mchemko wa viputo ndio uliobeba mabadiliko. Mtiririko wa joto ulikuwa mdogo, na hapo ndipo uso wa kawaida unapokosa digrii za kuamsha viputo.

Mafuta ya kompresa ni shida ya kweli. Kipozeo kinapovukia ndani ya pango, mafuta hayavukii. Yanabaki, yanazidi kuwa mazito, na yanapunguza kasi ya uvukizaji mahali hasa pa kazi. Matokeo ya kipozeo safi cha maabara hayawezi kuhamishiwa kwenye mtambo wenye mafuta bila kupimwa upya. Kuna pia suala la kuwasha mtambo baada ya kusimama: kimiminika kimeingia kwenye vitundu, na dakika za kwanza zinadai digrii nyingi kuliko kawaida. Njia zilizounganishwa husaidia, maana pango moja likiamka linawaamsha majirani, lakini anayepima asianze kuhesabu baada ya mambo kutulia tu.

Kisha kuna jambo ambalo naliona zito kuliko mafuta, nalo halihusu uso kabisa. Evapareta nyingi ndogo hulishwa na vali ya upanuzi na hutakiwa kutoa mvuke mkavu, uliopashwa digrii kadhaa juu ya kiwango cha kuchemka, ili kompresa isimeze kimiminika. Sehemu ya juu ya bamba basi ni kavu, na kwenye ukavu kitundu ni pambo. Ongeza kwamba mchanganyiko wa kimiminika na mvuke unaoingia chini haujigawi sawasawa kati ya njia zote: njia za mwanzo zinaweza kupata kimiminika kingi na za mwisho zikapata mvuke. Njia yenye njaa inakauka mapema, vali inasoma ujumla, inapunguza kipozeo kwa wote. Kwenye kifaa kama hicho ukiweka tabaka bora kuliko yote duniani, unaweza kupata sehemu ndogo tu ya zile digrii 2.2. Kwenye evapareta iliyofurika, ambamo kimiminika kinazunguka kutoka tangi la kutenganisha na uso wote unabaki umelowa, tabaka linafanya kazi kutoka chini hadi juu. Tofauti kati ya mitambo hii miwili ni kubwa kuliko tofauti kati ya tabaka la kampuni moja na la nyingine, na ajabu ni kwamba katika matangazo huwa haitajwi.

Wapo watakaosema: digrii sizitaki, nataka kifaa kidogo, maana kanuni zinanibana kwenye kiasi cha propani. Ni haki yao; upitishaji wa jumla ukipanda mara mbili, kwenye karatasi unaweza kukata eneo kwa nusu na kubaki na tofauti ileile ya digrii. Ila ukipunguza mabamba kwa nusu, kila njia iliyobaki inabeba mtiririko mara mbili, na upotevu wa shinikizo unapanda kwa zaidi ya hapo. Upande wa maji utaulipia kwa pampu. Upande wa kipozeo utaulipia kwa digrii zilezile ulizokuwa umeokoa: kwa R134a karibu na nyuzi sifuri, kupoteza kilopaskali 10 hadi 11 ni sawa na kupoteza digrii 1 ya joto la uvukizaji. Itabidi mikunjo ichongwe upya, pembe zilegezwe, na kina cha njia kifikiriwe tena. Tabaka jipya kwenye bamba la zamani lililopunguzwa idadi ni nusu kazi.

Tukija kwenye utengenezaji, ndipo ninapoelewa kwa nini maduka hayajajaa vifaa hivi licha ya hataza ya 1968. Bomba unalifunika kisha unalifunga mahali pake. Bamba lazima likandamizwe lipate mikunjo, na ukilikandamiza baada ya kulifunika, mapango yanafumbwa kwenye kila pembe ya mkunjo. Basi ufunike baada ya kukandamiza. Hapo unakutana na vilele vinavyogusana, ambavyo lazima viwe safi ili viungane. Halafu tanuri. Kifaa cha kuunganishwa kwa shaba kinaingia kwenye tanuri la ombwe likiwa na moto wa kuyeyusha shaba, yaani zaidi ya nyuzi 1,085. Tabaka la shaba lenye vitundu haliwezi kutoka humo likiwa na vitundu. Na hata tabaka la metali nyingine linalohimili moto huo linabaki na balaa la pili: shaba iliyoyeyuka hupenda njia nyembamba, na tabaka lako limejaa njia nyembamba kwa makusudi. Litainyonya kutoka kwenye viungo kama linavyonyonya kipozeo, viungo vibaki vimekondoka na mapango yajae. Suluhisho ni kufunika baada ya kuunganisha, kwa kupitisha kemikali ndani ya kifaa kilichofungwa, jambo gumu kulikagua, au kuachana na tanuri na kutumia mabamba ya kufungwa kwa mipira au yaliyochomelewa mawili mawili.

Hayo ya kuchomelewa mawili mawili ndiyo hasa yanayotumika kwenye mitambo mikubwa ya amonia, ambayo mara nyingi huendeshwa ikiwa imefurika, saa nyingi kwa mwaka, kwa tofauti ndogo za digrii. Mitambo ya kuzalisha umeme kwa joto la bahari iko kwenye kundi hilohilo: kati ya maji ya juu na ya kina kuna takribani digrii 20 tu za kugawana, na ile mbili na ushee inayookolewa kwenye evapareta ni zaidi ya sehemu ya kumi ya mtaji wote. Ningekuwa na fedha ya kuweka kwenye tabaka la vitundu, ningeiweka huko kabla ya kufikiria pampu ya joto ya nyumbani. Kikwazo ni kwamba sehemu kubwa ya kazi zilizochapishwa imetumia shaba, kwa kuwa ni rahisi kuijenga vitundu na inapitisha joto vizuri, na amonia ikiwa na unyevu kidogo tu huila shaba. Huko kunahitajika vitundu vya chuma kisichoshika kutu, nikeli au titani, vilivyopimwa kwa amonia yenye mafuta kidogo ndani, kwa maelfu ya saa, na matokeo yaandikwe kwa digrii kutoka maji hadi kipozeo.